Kutaka Kuongeza Urefu: Pa Kuanzia Kabla Hujatoa Hela

Kila matangazo ya ajira za majeshi yakitoka, maswali yanayoniingilia ni yale yale. "Kaka, nina miaka 22, nina futi 5 na inchi 6, kuna dawa?" "Mwanangu yuko darasa la saba, ndiye mfupi kuliko wote, nimpe nini?" "Kuna vidonge nimeviona mtandaoni, ni kweli?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naweka yote mahali pamoja. Zifuate hatua kwa mpangilio wake, usirukie ya mwisho. Ukifika ya tatu utajua uko kundi gani, na kundi lako ndilo linaloamua kama hela yako itafanya kazi au itamfaidisha muuzaji peke yake.

Nadharia ni hii tu. Mifupa mirefu ya miguu hurefuka karibu na ncha zake, palipo na tabaka la gegedu linalozalisha mfupa mpya. Balehe ikielekea mwisho, homoni ya estrojeni (wavulana nao wanayo) huligeuza gegedu hilo kuwa mfupa mgumu. Wasichana wengi hufikia hapo kati ya miaka 14 na 16, wavulana kati ya 16 na 18, wachache hujivuta hadi 20 hivi. Likishafunga halifunguki tena, si kwa mazoezi, si kwa maziwa, si kwa sindano.

Vya kuandaa

- Ukuta ulionyooka na sakafu ngumu. Juu ya zulia usipime.
- Tepu ya chuma ya fundi seremala. Futi kamba ya fundi cherehani ikizeeka hunyumbuka.
- Kitabu chenye jalada gumu, au kibao chenye kona iliyonyooka.
- Penseli, daftari na mtu wa kukusaidia. Kujipima peke yako ni kujidanganya.
- Kimo cha baba na cha mama, kilichopimwa, si cha "baba alikuwa mrefu mrefu hivi".
- Kwa mtoto: kadi yake ya kliniki na vipimo vyovyote vya nyuma.
- Kwa kijana: umri aliovunja ungo, au umri sauti yake ilipoanza kukatika.

Hatua ya 1: Jipime ipasavyo

Vua viatu na soksi. Simama ukiupa ukuta mgongo, visigino vimeshikana, magoti yamenyooka. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta. Kisogo nacho kiguse kama kinafika bila kujilazimisha. Tazama mbele. Kidevu kisipande wala kisishuke: ukingo wa chini wa jicho na tundu la sikio viwe kwenye mstari mmoja. Vuta pumzi ndefu uishikilie. Msaidizi akibanie kitabu ukutani, akishushe mpaka kikandamize nywele na kugusa fuvu, kisha achore alama chini yake.

Mwenye rasta, afro au misuko ya kupandisha juu azitenganishe katikati. Nimewahi kuona binti "aliyerefuka" sentimita 4 mwisho wa wiki mmoja, kumbe ni mabutu.

Pima mara tatu, chukua wastani, andika tarehe na saa. Saa ni muhimu, maana asubuhi kila mtu ni mrefu kuliko jioni kwa sentimita 1 hadi 2. Kutwa nzima uzito wa mwili hukandamiza visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Ukilala, vinajaa tena. Ukijipima jioni kabla ya kununua vidonge, halafu ukajipima asubuhi baada ya chupa kuisha, utaapa kwamba dawa imefanya kazi. Ushuhuda mwingi wa mitandaoni umetokea hapo hapo, tena kwa watu wasio na nia ya kumdanganya yeyote.

Hatua ya 2: Kadiria kimo ulichorithi

Jumlisha kimo cha baba na cha mama kwa sentimita. Kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana toa 13. Gawa kwa mbili.

Mfano: baba ana 170, mama ana 158. Mvulana wao: 170 + 158 + 13 = 341, gawa kwa mbili unapata 170.5. Msichana: 170 + 158 − 13 = 315, nusu yake ni 157.5. Kisha acha nafasi ya sentimita 8 na nusu juu na chini. Kijana wa nyumba hiyo akiwa na 163 yuko ndani ya ukoo wake kabisa, hana ugonjwa wowote. Akiwa na 155 na keshamaliza kukua, ndipo pana haja ya kuuliza kulitokea nini.

Kama wazazi wenyewe walikulia kwenye njaa au magonjwa, hesabu hii hudanganya kwa kushusha. Wanawake wa Korea Kusini walirefuka kwa takriban sentimita 20 ndani ya karne moja bila kubadili damu yao. Kilichobadilika ni chakula na afya ya utotoni.

Hatua ya 3: Jua kama bado unakua

Pima kila baada ya miezi sita. Si kila wiki. Kosa la kipimo ni kubwa kuliko ukuaji wa wiki.

Mtoto mwenye afya hukua kama sentimita 25 mwaka wa kwanza, kama 12 mwaka wa pili, halafu kuanzia miaka minne mpaka balehe hutembea na 5 hadi 6 kwa mwaka. Balehe ikipamba moto msichana hufikia kama 8 kwa mwaka, mvulana 9 hadi 10. Msichana akishavunja ungo, mara nyingi hubakiwa na sentimita 5 hadi 7 tu kwa jumla. Mama anayeniuliza kuhusu binti wa miaka 16 aliyevunja ungo akiwa na 12, jibu ninalo kabla hajamaliza kuandika.

Vipimo viwili vya miezi sita vikilingana na balehe imeshapita, chukulia kwamba umefunga. Ukiwa na mashaka, nenda hospitali uombe kupimwa umri wa mifupa. Ni picha moja ya eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto. Daktari anailinganisha na picha za rejea na kukwambia gegedu limebaki kiasi gani. Kijana wa miaka 15 mwenye mifupa ya miaka 13 ana habari njema: amechelewa tu, na atawafikia wenzake. Kipimo hiki kimoja kinajibu kuliko chupa kumi za vidonge.

Unayekua bado, nenda hatua ya 4 na 5. Uliyefunga, ruka mpaka ya 6.

Hatua ya 4: Anayekua, mwondolee kinachomzuia

Hakuna chakula kinachomrefusha mtu kupita alichorithi. Vipo vingi vinavyomzuia asikifikie.

Anza na sahani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya mwaka huo huo ilikuwa 18. Ajabu ni kwamba Iringa, mkoa unaovuna mahindi ya kulisha wengine, ulikuwa juu ya nusu. Tumbo linajaa ugali, mfupa unabaki na njaa. Mtoto anahitaji maharage, dagaa, mayai, maziwa, nyama kidogo, mboga na matunda, na anavihitaji kila siku badala ya kuvingoja sikukuu. Dagaa wanaoliwa na miiba yao ni protini na kalsiamu kwa pamoja, na ni bei nafuu kuliko kopo lolote lenye picha ya twiga.

Uji wa lishe ni mzuri, ila usijaze nafaka kumi na karanga za mwaka jana ukauita dawa. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huota ukungu unaotoa sumukuvu, nayo imehusishwa na udumavu. Karanga yenye ukungu au ladha chungu, tupa.

Usingizi: homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi kwenye usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10. Shule za bweni zinazowaamsha watoto saa kumi alfajiri na kuwalaza saa tano usiku zingekaa chini zikapige hesabu hiyo.

Sasa dalili za kwenda hospitali badala ya kubadili chakula tu:

- Mtoto anakua chini ya sentimita 4 kwa mwaka kabla ya balehe, au amekuwa akishuka mstari baada ya mstari kwenye kadi.
- Msichana wa miaka 13 asiye na dalili ya matiti, mvulana wa 14 asiye na dalili yoyote ya balehe.
- Msichana aliyeanza balehe kabla ya miaka 8, mvulana kabla ya 9. Huyu huwadanganya wazazi, maana kwa sasa ni mrefu kuliko wenzake. Atafunga mapema na kubaki mfupi. Zipo sindano za kusimamisha balehe, lakini zina wakati wake.
- Matege yanayozidi, miguu kuuma, kuchelewa kutembea: huenda ni upungufu wa vitamini D au kalsiamu.
- Selimundu, ugonjwa wa figo au moyo, upungufu wa homoni ya thairoidi, VVU visivyotibiwa, kuharisha kusikoisha, vidonge vya steroidi vya muda mrefu.
- Binti mfupi sana kuliko ndugu zake ambaye havunji ungo. Daktari atataka kumpima kromosomu, maana kuna hali iitwayo sindromu ya Turner.

Hatua ya 5: Homoni ya ukuaji, na nani anaistahili

Dawa hii ni ya kweli, na inafanya kazi kwa watu wake. Hadi 1985 ilikuwa ikikamuliwa kutoka tezi za pituitari za maiti. Baadhi ya waliochomwa wakafa kwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, matumizi yakasimamishwa, na mwaka huo huo ikaja ya kutengenezwa maabara inayotumika hadi leo.

Wanaoistahili ni watoto wasio na homoni ya kutosha, wenye Turner, wenye ugonjwa sugu wa figo, na wengine wachache ambao daktari bingwa wa homoni za watoto atawapima. Sindano ni ya kila siku kwa miaka, na dawa inakaa kwenye friji. Siku hizi zipo pia za mara moja kwa wiki. Kwa mtoto mfupi asiye na ugonjwa wowote, Marekani iliruhusu matumizi yake 2003. Faida kwa wastani ni kama sentimita 5 baada ya miaka minne, mitano ya sindano. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa watoto wenye akondroplasia, ile hali ya mikono na miguu mifupi ya kuzaliwa nayo, kuna dawa yao peke yao iitwayo vosoritide, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani 2021.

ONYO: mtu mzima aliyefunga akijidunga homoni ya ukuaji harefuki. Anapanuka. Taya, pua, vidole na nyayo hunenepa, sukari hupanda, moyo huvimba. Kiatu kitaongezeka namba, kimo hakitaongezeka.

Hatua ya 6: Mtu mzima, dai sentimita ulizokalia

Aliyeinama mbele ya simu na kompyuta kwa miaka amejinyima sentimita 1 au 2, mwenye kibiongo cha mazoea hata zaidi. Hizi unazirudisha bila kulipa mtu.

1. Simama ukutani kama unapimwa, dakika mbili, asubuhi na jioni. Ndivyo mwili unavyokumbuka kunyooka ni kupi.
2. Ukiwa ukutani, pandisha na kushusha mikono ikiwa imekunjwa kwenye viwiko, bila mikono kuachana na ukuta. Mara 10, seti tatu.
3. Piga goti moja chini, sukuma nyonga mbele mpaka usikie paja la mguu wa nyuma linavutika upande wa mbele, juu. Nusu dakika kila upande. Wanaokaa kutwa ofisini au kwenye bodaboda hapa ndipo walipofungwa.
4. Lala kifudifudi, inua kifua bila kutumia mikono. Mara 10.
5. Ning'inia kwenye chuma sekunde 20 hadi 30. Mgongo utapumua na utarefuka kidogo kwa muda mfupi. Mchana utaurudisha ulipokuwa.

Miezi miwili, mitatu, siku tano kwa wiki. Mgongo uliopinda kama herufi S, bega moja juu na jingine chini, hauhitaji mazoezi ya kwenye simu. Unahitaji daktari wa mifupa.

Na kikapu? Hasheem Thabeet hakurefushwa na mpira wa kikapu. Kimo chake cha futi 7 na inchi 3 ndicho kilichomvuta uwanjani na kumfikisha NBA 2009. Cheza kwa sababu unapenda.

Hatua ya 7: Viatu na nguo

Usione aibu. Wazee wetu wa miaka ya 70 walivaa raizoni (viatu vya soli nene) na bugaluu (suruali pana chini), wakatamba nazo dansini bila kuomba radhi.

Soli ya kuweka ndani ya kiatu: anza na sentimita 2. Ukizidisha 3 kwenye kiatu cha kawaida, kisigino kinatoka nje kila hatua na vidole vinabanwa mbele. Ukitaka zaidi, nunua kiatu kilichoshonwa na kisigino kilichofichwa ndani, au mwambie fundi viatu aongeze soli yote kuanzia mbele mpaka nyuma, siyo kisigino peke yake. Suruali ifike juu ya kiatu bila kujikunja kunja, shati lisishuke kupita nyonga, na rangi za juu na chini zikaribiane. Nguo kubwa kupita kiasi humfupisha mtu hata mrefu.

Hatua ya 8: Upasuaji wa kurefusha miguu

Hii ndiyo njia pekee ya kumrefusha mifupa mtu aliyefunga. Nitakaa hapa kidogo, maana video zinaonyesha siku ya kwanza na siku ya mwisho tu.

Mwanzilishi wake ni Gavriil Ilizarov, daktari wa Kisovieti aliyefanya kazi Kurgan, Siberia, kuanzia miaka ya 1950. Alikuwa akitibu mifupa iliyokatika na kugoma kuunga. Aligundua kwamba mfupa ukikatwa kwa uangalifu, kisha ncha zake zikatenganishwa polepole, pengo linajaa mfupa mpya. Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu wa 1964, aliponda mguu kwenye ajali ya pikipiki 1965. Ilizarov akamtengeneza mpaka akaruka tena. Kazi hiyo ilikuwa ya tiba. Urembo ulikuja baadaye.

Inavyokwenda:

1. Mfupa wa paja au wa muundi hukatwa kila mguu. Huwekwa fremu ya chuma nje ya mguu, au chuma chenye sumaku ndani ya uboho.
2. Siku kama 5 hadi 7 za kusubiri.
3. Kuvuta: milimita 1 kwa siku, kwa kawaida robo milimita mara nne. Sentimita 5 ni siku 50 hivi. Misuli na neva navyo vinavutwa, na hapo ndipo maumivu yanapokaa, hasa usiku.
4. Mazoezi tiba kila siku. Ukiyakwepa, goti linagoma kukunjuka, kisigino kinagoma kushuka chini na unabaki unatembelea vidole.
5. Kusubiri mfupa mpya ukomae. Kadiria mwezi mmoja hadi mmoja na nusu kwa kila sentimita, ukijumlisha yote. Sentimita 5 ni nusu mwaka wa magongo au zaidi, na kukimbia ni baada ya mwaka.
6. Upasuaji mwingine wa kutoa vyuma.

Hatari zake: maambukizi kwenye matundu ya nyaya za fremu, neva kuumia, mfupa kukataa kuunga, mafuta au damu iliyoganda kukimbilia mapafuni. Mtu anaweza kufa. China ilipiga marufuku upasuaji huu kwa ajili ya urembo 2006, baada ya watu kulemazwa. Aina moja ya chuma cha ndani, Stryde, iliondolewa sokoni 2021 baada ya mifupa kuonekana inalika. Marekani gharama mara nyingi hupita dola 70,000. Ndiyo maana watu hukimbilia Uturuki na India, ambako upasuaji ni nafuu lakini miezi ya mazoezi tiba baada ya kurudi nyumbani haimo kwenye bei uliyotajiwa. Uliza maswali haya kabla ya kulipa: nani atanihudumia mfupa usipounga? Mazoezi tiba nitafanyia wapi, kwa miezi mingapi? Mikono yangu itabaki ilivyo, nitaonekanaje?

Aliye na mguu mmoja mfupi au matege makali yuko kwenye foleni tofauti na hii ya urembo. Kwake upasuaji huo ni tiba, na aombe rufaa hospitali ya mifupa kama MOI pale Muhimbili, au CURE Kijabe kwa watoto walio Kenya.

Makosa ninayoyaona kila siku

Vidonge vya "kuongeza mwili". Baadhi hufichwa ndani yake steroidi kama deksamethasoni, ambayo kwa mtoto hudumaza mifupa. Sindano za kutunisha misuli nazo hugeuka estrojeni mwilini na kufunga gegedu mapema. Kijana wa miaka 15 anayejidunga ili awe mkubwa anajifupisha mwenyewe.

Kuamini neno "asilia" kwenye kopo. Tafuta kama dawa imesajiliwa na TMDA (mamlaka ya dawa ya Tanzania), au Bodi ya Famasi na Sumu kwa Kenya. Muuzaji akikwambia "hii haihitaji usajili, ni mitishamba", umeshapata jibu lako.

Kumlazimisha mtoto kunywa kalsiamu wakati anakula vizuri. Ziada hairefushi; inaweza kuleta mawe kwenye figo.

Mambo yakikwama

Kipimo kimepungua tangu mara ya mwisho. Angalia saa, nywele na kidevu. Rudia kesho saa ile ile. Kwa mzee anayepungua mwaka hadi mwaka na mgongo unauma, huenda pingili zimebonyea; aende hospitali.

Mtoto anakula vizuri na haongezeki. Mpime minyoo na damu, kisha rudi kwenye orodha ya hatua ya 4. Usiongeze uji.

Mgongo unauma baada ya kuning'inia. Acha. Ganzi ikishuka mguuni, usisubiri.

Soli ya ndani inaleta maumivu ya nyayo au goti. Punguza sentimita 1, vaa saa chache kwa siku ya kwanza, na usikimbie nayo.

Nimebakiza kidogo kwenye kimo cha jeshi. Soma tangazo lenyewe kwanza, maana vyombo havifanani. Jeshi la Ulinzi la Kenya limekuwa likiita wanaume kuanzia mita 1.60 na wanawake 1.52, Polisi wa Tanzania wamekuwa wakitaka futi 5 na inchi 8 kwa wanaume na futi 5 na inchi 4 kwa wanawake. Soli za ndani hazitakusaidia, utavuliwa viatu. Fanya mazoezi ya hatua ya 6 miezi miwili kabla, lala vya kutosha usiku wa kuamkia usaili, na fika mapema upimwe asubuhi, kabla hujasimama juani kutwa nzima na visahani vya mgongo vikashuka.